Kondoo Hawakuulizwa: Nani Mwenye Dhamana ya Programu Iliyoandikwa na Mashine?



Ndugu msomaji, katika Suratul Anbiyaa imetajwa hukumu ya Nabii Daudi na Nabii Sulaiman (alayhimas salaam) juu ya shamba lililoingiwa na kondoo usiku. Wafasiri wanaeleza kwamba Daudi alihukumu mwenye shamba apewe kondoo hao. Sulaiman akaona njia nyepesi zaidi: mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi ya kondoo, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake.

Sisi wanafunzi wa masomo ya Kiislamu huwa tunakisoma kisa hiki tukifika mlango wa ijtihadi. Leo nataka tukitazame kwa jambo jingine. Kondoo ndio walioingia shambani na ndio waliokula, lakini katika kesi nzima hawakuulizwa neno. Swali lilikwenda moja kwa moja kwa aliyepaswa kuwafunga usiku.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu mabweni yetu sasa yamejaa mjadala unaofanana nalo. Wenzetu wanaosomea kompyuta wanaandika programu kwa msaada wa akili mnemba. Mwenzako anaiambia mashine anachotaka kwa maneno ya kawaida, na baada ya dakika moja anapata kurasa kadhaa za msimbo, yaani maandishi yanayoiamuru kompyuta. Programu ikifanya kazi, sifa ni zake. Ikiharibu, utamsikia: "Siyo mimi, ni mashine iliyoandika hivyo." Je, maneno hayo yanakubalika mbele ya watu, na mbele ya Mwenyezi Mungu?

Jinsi kazi ilivyobadilika

Kwanza tuielewe hali yenyewe, kwa kuwa hukumu ya kitu hufuata picha ya kitu hicho akilini.

Kazi ya kutengeneza programu haijawahi kutulia. Mwezi Februari 2001 wataalamu 17 walikutana huko Utah, Marekani, wakatoa tamko la kufanya kazi kwa hatua fupi fupi na kumrudia mteja mara kwa mara, badala ya kupanga kila kitu mwanzoni na kusubiri miaka. Mtindo huo umeenea duniani kote. Kisha intaneti ikawezesha kampuni ya New York kumwajiri kijana aliyeketi Kampala au Nairobi. Mwaka 2014 ilianzishwa kampuni ya Andela huko Lagos, ikawa inachagua vijana wanaoanza, inawafundisha, na kuwaunganisha na kampuni za nje. Ilifika Kenya, ikafika na hapa kwetu Uganda, na wazazi wengi waliokuwa hawajui kazi hii ni ya nini wakaanza kuiheshimu.

Lakini soko la nje lina matakwa yake. Mwezi Septemba 2019 Andela iliwaachisha au kuwaweka katika hatari ya kuachishwa vijana wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja sasa walitaka wahandisi wenye uzoefu, na wanaoanza hawakupata kazi za kutosha. Wakati huo akili mnemba ya kuandika msimbo ilikuwa bado haijaingia mikononi mwa watu. Baadaye hali ikazidi kuwa ngumu: Novemba 2022 Meta ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000, na Januari 2023 Google ikatangaza 12,000. Mwezi huohuo wa Novemba 2022 ndipo ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote.

Oktoba 2024 mkuu wa Google, Sundar Pichai, alisema kwamba zaidi ya robo ya msimbo mpya wa kampuni hiyo unatengenezwa na akili mnemba, kisha unakaguliwa na kupitishwa na wahandisi. Naomba uiweke akilini sehemu hiyo ya mwisho, tutairudia. Februari 2025 mtaalamu Andrej Karpathy alieleza mtindo wa kuiachia mashine iandike yote, na mtu asahau hata kwamba kuna msimbo. Yeye mwenyewe aliusema kwa kazi ndogo ndogo za mwisho wa wiki, zisizo na madhara. Wengi waliomsikia wamelisahau sharti hilo.

Mirathi ya shilingi milioni 42

Nitoe mfano wa karibu. Mwenzangu wa chumbani anasomea kompyuta. Kwa mradi wake wa muhula alitengeneza programu ya kugawa mirathi: unaingiza mali na warithi, unapata mafungu. Sehemu kubwa iliandikwa na akili mnemba. Akaniletea. "Sheikh," akaniambia, kwani ndivyo wanavyotuita hata kama bado tunafeli nahau, "ijaribu kabla sijaipeleka kwa mwalimu."

Nikaanza na masuala mepesi: mke na mtoto wa kiume, kisha wazazi wawili na binti. Majibu yakaja sawasawa. Nikaingiza suala la tatu: mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, na mali ya shilingi milioni 42. Programu ikampa mume milioni 21, na kila dada milioni 10 na laki tano.

Aliyesoma elimu ya faradhi ameshaona tatizo. Mume ana nusu, na dada wawili wana theluthi mbili. Nusu na theluthi mbili ukizijumlisha zinazidi kitu kizima. Inasimuliwa kuwa suala la aina hii lilijitokeza mara ya kwanza zama za Umar bin Khattab (radhiya Allahu anhu). Hakujua amtangulize nani na kumchelewesha nani, akawashauri masahaba, na ikapitishwa kwamba upungufu ugawanywe kwa wote kulingana na mafungu yao. Tunaiita aul. Kwa njia hiyo mali hugawanywa mafungu saba: mume anapata matatu, dada wanapata manne. Katika milioni 42, mume ana milioni 18 na kila dada ana milioni 12. Kwa hiyo programu ilikuwa imemnyang'anya kila dada milioni moja na nusu na kumpa shemeji yao, bila onyo lolote kwenye skrini.

Nikamuuliza, "Injinia, mstari gani unafanya hivi?" Akapekua, akauonesha. Programu ilikuwa inampa mume fungu lake kwanza, kisha dada wanapewa kilichobaki. "Na kwa nini umeandika hivyo?" Akanyamaza kidogo. "Mimi sikuuandika," akasema.

Alikuwa mkweli. Baada ya hapo tukakaa usiku mzima, mimi nikimweleza aul na radd, yeye akirekebisha na kunionesha jinsi ya kuandika majaribio yatakayonasa kosa kama hilo likirudi. Lakini fikiria programu ile ingeingia kwenye simu za watu Mbale, Arua au Jinja. Familia ingegawa urithi jioni moja, ikaomba dua, ikatawanyika. Dada wale wangejuaje kwamba wamedhulumiwa, na wangemdai nani?

Fundi na dhamana yake

Suala la nani alipe fundi anapoharibu si jipya kwa wanazuoni wetu. Wanaliita kuwadhaminisha mafundi. Umempelekea mshonaji kitambaa, au mpaka rangi nguo yako. Kimepotea au kimeharibika mikononi mwake. Asili ya jambo ni kwamba fundi ni mwaminifu aliyekabidhiwa, na mwaminifu halipi ila akivuka mipaka au akizembea. Hata hivyo imepokewa kutoka kwa Ali bin Abi Talib (radhiya Allahu anhu) kwamba aliwadhaminisha mafundi, akiona kuwa mambo ya watu hayatengenei bila hivyo. Imam Malik akaichukua rai hiyo. Abu Hanifa hakumdhaminisha fundi kwa kilichopotea bila kitendo chake, lakini wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimdhaminisha isipokuwa kwa msiba usioepukika, kama moto mkubwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba hadhamini mpaka azembee.

Tofauti hizo ni za kweli na sizifichi. Lakini tazama hoja ya waliodhaminisha. Imam Shatibi, katika al-I'tisam, analitaja suala hili miongoni mwa mifano ya maslahi ya umma. Watu hawana budi kuwatumia mafundi. Mali ikishaingia kwa fundi, mwenyewe haioni tena. Fundi asipodhaminishwa, ama watu wataacha kumpelekea kazi na maisha yatakuwa magumu, ama watampelekea na mali zao zitapotea kwa madai yasiyo na ushahidi.

Nguo kwa fundi cherehani angalau unaweza kuichungulia dirishani. Programu huwezi. Mama anayetuma pesa kwa simu, na mgonjwa ambaye dozi yake imehesabiwa na kompyuta, hawana jicho la kuona kilichomo ndani. Ikiwa maslahi yalilazimisha dhamana kwa mpaka rangi, sioni vipi yashindwe kuilazimisha hapa.

Na wote, waliodhaminisha na wasiodhaminisha, wanakutana kwenye jambo moja: mwenye kuzembea hulipa. Hapo ndipo kesi yetu ilipo. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa hadithi yenye maana kwamba anayejitia kutibu watu na hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ndiye mwenye dhamana. Huyo halipi kwa kuwa amekosea tu, maana tabibu mjuzi naye hukosea. Analipa kwa kuwa aliingia asipopajua. Kwa kipimo hicho, kumkabidhi mtu programu usiyoweza kueleza inafanya nini ni uzembe tosha, hata kama siku hiyo imefanya kazi vizuri.

Mashine haiwezi kupokea dhamana hiyo. Haina dhima, haina mali, haitafufuliwa ikaulizwa. Amana ilikataliwa na mbingu na ardhi na milima, akaibeba mwanadamu, na sidhani kwamba tuna ruhusa ya kuitua kwenye mashine kwa kuwa inaandika haraka kuliko sisi.

"Lakini sisi ni vibarua tu"

Nilipoyasema haya kwenye mazungumzo baada ya Isha, ndugu mmoja alinijibu kwa jibu ambalo naliheshimu. Alisema: "Unamtwisha kijana wa Kampala anayelipwa kidogo mzigo wa kampuni kubwa. Bosi anataka kazi ya wiki mbili iishe kwa siku mbili kwa sababu mashine ipo. Akikataa anafukuzwa. Dhuluma iko wapi, kwake au kwa bosi?"

Fiqhi inamsikiliza. Inatofautisha kati ya mwajiriwa maalumu, anayemfanyia kazi mtu mmoja kwa muda maalumu, na fundi wa wote, anayefungua duka kwa kila mtu. Yule wa kwanza halipi madhara ila akivuka mipaka au akizembea. Kwa hiyo mwajiriwa anayefuata utaratibu wa kampuni hatakiwi kufanywa mbuzi wa kafara. Anayepanga muda, anayepunguza wakaguzi na anayevuna faida ndiye wa kwanza kuulizwa.

Ukweli huu tuliushuhudia kwa machungu katika ukanda wetu. Desemba 2010 Airbus ilitangaza ndege ya A320neo inayotumia mafuta kidogo. Boeing haikutaka kubaki nyuma, na mwaka uliofuata ikaamua kuiwekea 737 injini mpya kubwa badala ya kubuni ndege nyingine. Injini hizo zilikaa mbele zaidi na juu zaidi, zikabadilisha tabia ya ndege angani. Ikatengenezwa programu iliyoitwa MCAS, ya kusukuma pua ya ndege chini yenyewe. Ilitegemea kipimo kimoja tu cha pembe ya ndege, na marubani hawakuelezwa habari zake katika vitabu vyao. Oktoba 29, 2018 ndege ya Lion Air ilianguka Indonesia, wakafa watu 189. Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka, wakafa watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Programu ile ilifanya kama ilivyobuniwa kufanya. Mbio za soko ndizo zilizoamua ibuniwe vipi, na mbio hizo zilikuwa na watu nyuma yake wenye majina na vyeo.

Basi ndugu yangu amesema kweli kuhusu nani alipe. Lakini kulipa ni jambo moja, na kuulizwa ni jambo jingine. Kijana aliyeona kwamba kipimo ni kimoja, au kwamba msimbo aliopewa na mashine hauelewi, ana ulimi. Aseme kwa adabu, aandike, ahifadhi alichoandika. Bosi akikataa, mzigo umehama. Asiposema kitu na anajua, ameshiriki kwa kadiri ya ujuzi wake. Usikivu, uoni na moyo vyote vitaulizwa, na mtu hataulizwa juu ya alichokuwa hana uwezo nacho.

Mwanafunzi wa fundi

Sasa turudi kwenye maneno niliyokuomba uyaweke akilini: msimbo wa mashine hukaguliwa na wahandisi. Vizuri. Mkaguzi huyo anatoka wapi?

Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye kompyuta zake za majaribio kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Watu wengi wasingejali. Yeye alifuatilia, akakuta kwamba ndani ya xz, programu huria ndogo inayotumika katika kompyuta nyingi mno duniani, mtu alikuwa ameficha mlango wa siri. Programu hiyo ilikuwa imeachwa mikononi mwa mtu wa kujitolea, na mdukuzi alitumia muda mrefu kujipendekeza mpaka akaaminiwa. Jicho linaloshtuka kwa nusu sekunde hulipati darasani. Hujengwa kwa miaka ya kuandika vibaya, kurekebishwa, kuaibika kidogo, na kuandika tena.

Kazi ndogo ambazo mashine inazichukua leo ndizo zilizokuwa zikilijenga jicho hilo. Kampuni zikiacha kuajiri wanaoanza kwa kuwa mashine ni rahisi, zitakula matunda ya wakaguzi waliofundishwa jana, na kesho hakutakuwa na wengine. Vijana wetu walionja hilo mwaka 2019, kabla ya wenzao wa Ulaya na Marekani.

Imam Ghazali, katika Ihya, alihesabu misingi ya kazi za mikono kama kilimo, ususi wa nguo na ushonaji kuwa ni fardhi kifaya: jamii isipokuwa na mtu anayeijua, wote wanaingia kwenye lawama. Mimi naona programu zinazobeba pesa zetu, dawa zetu na mirathi yetu zimeingia katika hesabu hiyo. Na fardhi kifaya haisimami kwa kuwa na mafundi wa leo pekee. Inahitaji kuwe na anayejifunza kwao. Kwa hiyo swali la dhamana na swali la ajira ya kijana anayeanza, ambayo tumezoea kuyatenganisha, ni swali moja. Dhamana inataka ujuzi, na ujuzi unataka mtu wa kufundishwa.

Naomba nisieleweke kwamba naharamisha akili mnemba. Nimeiona ikimsaidia mwenzangu kuelewa kwa saa moja jambo ambalo kitabu kingemchukua wiki. Mwenye kondoo hakuambiwa awauze kondoo wake. Alitakiwa kuwachunga usiku. Nina mambo matatu tu ya kupendekeza.

Kwa wenzetu wa kompyuta: usimkabidhi mtu mstari ambao huwezi kumweleza mama yako unafanya nini. Mashine iandike, nawe usome, ujaribu, na utie jina lako ukijua umetia jina kwenye nini.

Kwa ndugu zetu wenye ofisi, na kwa taasisi zetu za misikiti na shule zinazoagiza programu: mnapompa mtu kazi, muulizeni nani ameikagua, na mchukueni mwanafunzi mmoja akae pembeni ajifunze. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya kukosa mkaguzi.

Na kwetu sisi wa masomo ya Kiislamu: tusingoje kuletewa swali la fatwa baada ya madhara. Tukae nao wakiwa wanaandika. Wanajua mambo tusiyoyajua, na sisi tunayo masuala ya miaka elfu moja ambayo bado yanawahusu. Programu ya mirathi ya mwenzangu sasa ina majaribio 60, na 14 kati ya hayo ni ya aul. Anaweza kukueleza kila mstari.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na kubeba haki za watu tusizozijua. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.